Maswali ya Wasomaji: Thamostati Janja, Chumba cha Mama Mkwe na Bili ya Gesi

SWALI: Ndugu Mshauri, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Leicester, Uingereza, katika nyumba ya ghorofa moja yenye vyumba vitatu vya kulala juu na kimoja kidogo chini. Mume wangu ni dereva wa basi na zamu zake hubadilika kila wiki, mimi ninafanya kazi mchana, na tangu mwaka jana tunaye mama mkwe wangu kutoka Tanga, mwenye umri wa miaka 74, ambaye analala chumba cha chini na hushinda nyumbani siku nzima. Taarifa ya mwaka ya kampuni ya gesi inaonyesha kwamba tumetumia kilowati-saa 14,000. Boila yetu, yaani mtambo wa gesi unaopasha maji ya kuoga na ya kuipa nyumba joto, ni ile isiyo na tangi la maji, na iliwekwa miaka sita iliyopita. Thamostati iko koridoni, na tumeiweka kwenye 25 kwa sababu mama analalamika baridi, lakini huko juu kunakuwa na joto mpaka watoto wanafungua madirisha. Muuzaji mmoja alibisha hodi akatueleza kwamba tukinunua seti ya thamostati janja pamoja na vichwa janja, yaani virungu vinavyoongozwa kwa simu, vya rejeta zetu nane (yale mabamba ya ukutani yanayopitishwa maji ya moto), kwa jumla ya pauni 640 pamoja na kufungiwa, tutaokoa hadi asilimia 30 ya gharama za joto na tutaongoza kila kitu kwa simu. Mume wangu anataka tununue kabla ya Desemba. Je, inafaa?

JIBU: Marahaba, mama, na unifikishie salamu kwa mama mkwe wako, kwa kuwa jibu langu karibu lote linamzunguka yeye. Nitatanguliza uamuzi wangu ili usilazimike kuusubiri: seti hiyo ya pauni 640 msiinunue. Ninaamini kwamba nyumba yenu inaweza kupunguza bili kwa kiasi kikubwa majira haya ya baridi, pengine hata kukaribia kiasi alichokitaja muuzaji, lakini sehemu kubwa ya punguzo hilo mtaipata bila kutoa hata senti. Kipo kifaa kimoja kidogo ambacho ningependa mkifikirie, nami nitakitaja baada ya kueleza yanayotangulia, kwa sababu mkikinunua kabla ya kuyafanya hayo hamtajua kimewasaidia nini.

Thamostati janja haizalishi joto, wala haiipi gesi nguvu zaidi. Kazi yake ni ileile ya thamostati ya kawaida, yaani kupima joto la chumba na kuiamuru boila iwake au izime, isipokuwa kwamba hii inapokea amri kupitia intaneti, inatunza ratiba ya juma zima, na baadhi yake hujifunza nyumba inachukua muda gani kupata joto. Kwa hiyo kitu pekee inachoweza kuokoa ni joto ambalo sasa hivi linapotea bure: nyumba inayopashwa moto wakati hakuna mtu, chumba kinachopashwa moto ilhali hakitumiki, au nyumba nzima kuwa na joto kupita mahitaji. Mtu anayeishi peke yake, anayetoka alfajiri na kurudi usiku huku boila inawaka mchana kutwa, ana mengi ya kuokoa. Nyumba yenu haiko hivyo. Haiwi tupu hata saa moja, kwa kuwa mama yupo, na mzee wa umri wake hawezi kuachwa katika baridi ili bili ipungue. Sababu ya kwanza inayowafanya watu wengi wanunue vifaa hivi, yaani kuzima joto wakati kila mtu yuko kazini, kwenu haipo.

Upotevu wenu uko kwingine, na barua yako imeutaja waziwazi, ingawa huenda hukukusudia. Joto hutoka ndani ya nyumba kwa kasi inayolingana na tofauti kati ya joto la ndani na la nje. Siku ambayo nje kuna nyuzi 6, nyumba yenye nyuzi 25 ndani ina tofauti ya nyuzi 19. Nyumba hiyohiyo ikiwa na nyuzi 20, tofauti inakuwa 14. Kuta ni zilezile na boila ni ileile, lakini joto linalopotea limepungua kwa zaidi ya robo. Hapo ndipo asilimia 30 ya muuzaji inaweza kupatikana katika nyumba kama yenu, na inapatikana kwa kugeuza kirungu cha thamostati mliyo nayo tayari. Watoto wanaofungua madirisha ya juu wanathibitisha jambo hilohilo: mnanunua gesi, mnapasha maji, kisha mnapasha joto anga la Leicester.

Najua utasema kwamba mkishusha, mama ataumia. Hapa naomba tuelewane vizuri. Mama hapati baridi kwa sababu thamostati imewekwa chini mno. Anapata baridi kwa sababu joto halifiki chumbani kwake. Thamostati iko koridoni na inapima koridoni, kwa hiyo mkiipandisha hadi 25 mnaiamuru boila iendelee kuwaka mpaka koridoni kupate nyuzi 25, na wanaofaidika kwanza ni wale ambao rejeta zao zinapokea maji ya moto kwa urahisi zaidi, ambao kwenu ni watoto. Nendeni chumbani kwa mama wakati boila imewaka kwa nusu saa, mkaishike rejeta yake kwa kiganja. Ikiwa juu ni baridi na chini ni moto, ndani kuna hewa. Subirini mfumo upoe, wekeni kitambaa chini, fungueni kidogo tundu la juu pembeni kwa ule ufunguo mdogo unaouzwa madukani kwa bei ndogo, acheni hewa itoke mpaka maji yaanze kutoka, kisha mfunge. Baada ya hapo tazameni geji ya boila, ambayo mfumo ukiwa umepoa kwa kawaida inapaswa kusoma kati ya bar 1 na 1.5, na ikiwa imeshuka mwongeze maji kama kitabu cha boila kinavyoelekeza. Ikiwa chini ni baridi na juu ni moto, huenda kuna tope la kutu ndani, na hiyo ni kazi ya fundi. Ikiwa rejeta nzima ni vuguvugu ilhali za juu zinachoma, maji hayajagawanywa sawasawa, na fundi atazibana kidogo vali za upande wa pili wa zile rejeta zenye nguvu ili hii iliyo dhaifu ipate fungu lake. Kumlipa fundi kwa saa moja au mbili za kazi hiyo kutamfaa mama kuliko kifaa chochote kinachowekwa kwenye simu ya mwanawe.

Rejeta za vyumba vya juu, kama ni za kawaida, zina virungu vyenye namba 1 hadi 5. Namba hizo ni vipimo vya joto la chumba: 3 hukaribia nyuzi 20, na 2 ni kama 16 au 17. Wekeni vyumba vya watoto kwenye 3, na chumba kisichotumika mchana kwenye 2, lakini msikizime kabisa, kwa sababu katika nyumba za Uingereza chumba kinachoachwa baridi huku mvuke wa jikoni na wa bafuni ukizunguka nyumba nzima huota kuvu ukutani, na kuvu ni adui wa vifua vya watoto na wazee. Rejeta iliyo karibu na thamostati iacheni wazi kabisa, maana kirungu chake kikiibana, thamostati haitapata joto inalolisubiri na boila haitapumzika. Kisha shusheni thamostati nyuzi moja kila baada ya siku mbili au tatu, mkimuuliza mama kila mara anajisikiaje. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya makazi ya mwaka 2018, lilipendekeza ndani ya nyumba pasiwe chini ya nyuzi 18 wakati wa baridi, na likaeleza kwamba wazee na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi. Mzee aliyekulia Tanga, aliyekaa kitini bila kutembea, mimi ningemwekea 21 au 22 chumbani mwake bila kubishana naye.

Kuna jambo jingine la bure ambalo wauzaji wa vifaa hivi hawalizungumzii sana, nalo ni joto la maji yanayokwenda kwenye rejeta. Boila za gesi zinazofungwa England na Wales tangu Aprili 2005 kwa kawaida ni za aina inayogeuza mvuke wa moshi wake kuwa maji na kuunyang'anya joto lililokuwa lipotee nje. Ndiyo maana zina kile kibomba kidogo cha plastiki kinachotiririsha matone. Lakini kazi hiyo hufanyika vizuri pale tu maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta yanapokuwa chini ya nyuzi 55 hivi. Boila nyingi huachwa na fundi zikiwa kwenye 70 au 80, ambapo sehemu kubwa ya faida hiyo hupotea. Kwa kuwa yenu haina tangi, ishusheni hadi 60 au 65 kwa upande wa rejeta, ule wenye picha ya rejeta kwenye kioo cha boila, na msiguse upande wa bomba la maji ya kuogea. Wenye tangi la maji wasiige hatua hii bila ushauri, kwani maji ya tangi yanapaswa kufikia nyuzi 60 ili bakteria wa lejionela wasizaliane. Nyumba itachukua muda mrefu zaidi kupata joto, kwa hiyo saa ya asubuhi iwekeni mapema kidogo. Mkiona siku ya baridi kali chumba cha mama hakifiki panapotakiwa, pandisheni tena nyuzi tano.

Sasa nifike kwenye fedha. Bei ya gesi kwa wateja wengi wa Uingereza hufuata kikomo kinachowekwa na mamlaka ya nishati iitwayo Ofgem kila baada ya miezi mitatu, na katika mwaka 2025 kilowati-saa moja ya gesi ilikuwa kati ya peni 6 na 7. Tuchukue 6.5: kilowati-saa 14,000 ni pauni 910 kwa mwaka, bila kuhesabu ada ya kila siku ambayo hailegei hata usipowasha kitu. Tukiondoa gesi ya kupikia na ya maji ya kuoga, tuseme robo, zinabaki kama pauni 680 za kupasha nyumba. Mpango wa serikali ya Marekani uitwao Energy Star, ambao huidhinisha thamostati janja baada ya kuangalia takwimu za nyumba zinazozitumia, hutaja wastani wa takriban asilimia 8 ya gharama za joto na baridi. Nyumba za huko si sawa na zenu, lakini huo ni wastani, na wastani unamfaa mnunuzi kuliko neno "hadi", ambalo linaihusu ile nyumba moja iliyofaulu kuliko zote. Asilimia 8 ya pauni 680 ni kama pauni 54. Seti ya pauni 640 itahitaji karibu miaka 12 kujilipa, na hapo sijahesabu betri za vichwa vinane vya rejeta, ambazo mtazibadilisha kila mwaka au miwili. Isitoshe, kile mtakachokuwa mmekwisha kukiokoa kwa kushusha kirungu hakiwezi kuokolewa mara ya pili na kifaa, kwa hiyo kwenu hata hizo pauni 54 huenda zisifike.

Na miaka 12 ni mingi mno kwa kitu kinachotegemea kompyuta za kampuni iliyokiuza. Google ilitangaza mwaka 2025 kwamba thamostati zake za Nest za vizazi viwili vya mwanzo, pamoja na toleo la Ulaya lililotoka mwaka 2014, zingeondolewa kwenye huduma tarehe 25 Oktoba 2025. Vifaa hivyo havikufa, bado vinaweza kugeuzwa kwa mkono ukutani, lakini haviongozwi tena kwa simu, na kampuni ikasema haitaleta Ulaya thamostati mpya za Nest. Aliyeinunua mwaka 2014 aliitumia miaka 11, ambayo si haba. Aliyeinunua baadaye kutoka kwenye rafu ileile alipata michache zaidi kwa bei inayokaribiana. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kulipa mtazame muda wa huduma. Sheria iliyoanza kutumika Uingereza tarehe 29 Aprili 2024 inamlazimu mtengenezaji wa vifaa vinavyounganishwa na intaneti kutaja hadi lini atatoa masasisho ya usalama. Muuzaji asiyeweza kuwaonyesha tarehe hiyo msimwandikie hundi.

Nimeahidi kutaja kifaa kimoja. Mkishafanya yote hayo, huenda mkakuta kwamba koridoni hupata joto mapema, boila inazima, na chumba cha mama kinabaki nyuma. Dawa ya hali hiyo ni thamostati isiyo na waya ambayo mtaiweka chumbani mwake, ili boila imsikilize yeye na si koridoni, huku virungu vya juu vikizuia vyumba vya watoto visipite kiasi, na rejeta ya chumba chake ikiachwa wazi kabisa. Ile ya kawaida yenye ratiba ya juma hupatikana kwa chini ya pauni 100, na ile janja, pamoja na kufungiwa, mara nyingi ni kati ya pauni 150 na 250. Kabla ya hapo tafuteni karatasi alizoacha fundi wa boila. Tangu Aprili 2018 sheria ya England inataka boila mpya ya aina yenu ifungwe pamoja na kidhibiti cha saa na joto, na juu yake kimojawapo cha vitu vinne vya kuongeza ufanisi, ambavyo miongoni mwake imo thamostati janja. Kwa kuwa yenu ina miaka sita, yawezekana mnacho kifaa kizuri ambacho hakikuwahi kuunganishwa na simu.

Mkiamua kununua janja, basi muulizeni fundi swali moja lenye uzito kuliko mengine: je, thamostati hii inazungumza na boila yetu, au inaiwasha na kuizima tu? Zile zinazozungumza, ambazo nyingi hutumia lugha ya mawasiliano iitwayo OpenTherm au lugha ya mtengenezaji wa boila mwenyewe, huiambia boila ipunguze joto la maji kadiri chumba kinavyokaribia kutosheka, na huo ndio ufanisi halisi wa kiufundi. Kuwasha joto ukiwa ndani ya basi kuna raha yake, lakini hakupunguzi gesi.

Kipengele kimoja nawasihi mkizime siku ya kwanza kabisa. Thamostati nyingi janja hutambua kwamba simu zote zilizosajiliwa zimetoka nyumbani, zikachukulia kuwa nyumba ni tupu na kushusha joto zenyewe. Wewe ukiwa kazini, baba watoto akiwa kwenye usukani na watoto wakiwa shuleni, kifaa hicho kitamhesabu mama mkwe wako kuwa hayupo, kwa sababu hana simu iliyosajiliwa. Atakaa katika chumba kinachopoa na huenda asiseme, maana wazee wetu wengi huona haya kuomba joto katika nyumba ya mwana.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo hukuniuliza lakini nisingependa kulinyamazia. Kifaa kinachomwezesha mwana kushusha joto la chumba cha mama yake akiwa mbali kinagusa heshima. Chagueni chenye kirungu au vitufe ambavyo mama anaweza kuvigeuza mwenyewe bila kumwita mjukuu, mfundisheni mbele ya watoto, na mkubaliane kwamba akipandisha, hapana atakayeshusha kwa simu bila kumwuliza. Kwa upande wa pili, uwezo wa kuona kutoka kazini kwamba chumba chake kina nyuzi 16 saa tano asubuhi, ukampigia simu kumwuliza kama yu salama, ndiyo faida pekee ya kifaa janja ambayo kwa nyumba yenu ningeilipia. Ikiwa tofauti kati ya thamostati ya kawaida na janja ni kama pauni 80, na haidai ada ya kila mwezi kama baadhi zinavyodai, mimi ningeitoa kwa ajili hiyo bila kutarajia irudi kupitia bili.

Zamu za mume wako nazo nimezitafakari. Kama angekuwa anaishi peke yake, ratiba inayobadilika kila wiki ingekuwa sababu nzuri ya kununua. Ilivyo sasa, nyumba inafuata saa za mama, na baba anaporudi saa nane usiku anahitaji blanketi zaidi ya boila.

Mpeni mume wako pendekezo hili: someni mita ya gesi kila Jumapili asubuhi na mwandike namba kwenye daftari. Ikiwa mita inasoma kwa mita za ujazo, zidisheni kwa 11 mpate kilowati-saa kwa kukadiria. Wiki mbili mwendelee kama mlivyo, kisha mfanye mabadiliko niliyoyataja, na mlinganishe wiki ambazo baridi yake ilikaribiana. Mwishoni mwa Januari mtakuwa na ushahidi wa nyumba yenu wenyewe, na bei za vifaa hivi haziendi popote.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, nimepanga flati Manchester. Hakuna boila, kuna masanduku mazito ya umeme ukutani yanayopata moto usiku. Mita yangu ni ya kulipa kabla. Rafiki yangu ananiuzia thamostati yake janja iliyotumika kwa pauni 40. Nichukue?

JIBU: Usichukue, ndugu yangu. Thamostati hiyo imetengenezwa kuamuru boila, nawe huna boila. Masanduku hayo yana matofali mazito ndani, yanayopashwa moto usiku wakati umeme ni nafuu kisha yakautoa moto huo mchana, na hayana mahali pa kuunganisha kifaa cha rafiki yako. Mengi yana vidhibiti viwili juu: kimoja huamua matofali yahifadhi joto kiasi gani usiku, kingine huamua yalitoe kwa kasi gani. Wapangaji wengi huacha hicho cha pili wazi mchana kutwa, joto likaisha kabla hawajarudi, kisha jioni wakawasha hita ya kuchomeka ukutani kwa bei ya mchana. Kifunge unapotoka, ukifungue unaporudi, na kabla ya kulala utazame utabiri wa hali ya hewa ili ujue uhifadhi kiasi gani. Umeme wa kawaida kwa mwaka 2025 ulikuwa karibu peni 25 hadi 27 kwa kilowati-saa, yaani kama mara nne ya gesi, kwa hiyo kosa la hita ya jioni ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Hakikisha pia kwamba mkataba wako wa umeme ni ule wenye bei mbili, ya usiku na ya mchana, kwa sababu nimekwisha kuwaona wapangaji wenye masanduku hayo wakilipa bei moja ya juu saa zote bila kujua. Na umwulize mwenye nyumba kama mita inaongozwa kwa mawimbi ya redio ya zamani. Mfumo huo ulianza kuzimwa kwa awamu kuanzia tarehe 30 Juni 2025, na mita isiyobadilishwa inaweza kuchanganya saa za kuwasha. Mita ya kulipa kabla ni kama LUKU au tokeni za nyumbani: salio likiisha, hakuna kifaa janja kitakachokuletea joto, kwa hiyo hizo pauni 40 ziingize huko.

SWALI: Tunaishi Minneapolis, Marekani. Nyumba yetu hupashwa joto na tanuri la gesi linalopuliza hewa ya moto. Kampuni ya umeme inatoa punguzo kwa anayenunua thamostati janja, lakini jirani anasema ni nafuu kuacha joto mahali pamoja usiku na mchana kuliko kulishusha na kulipandisha. Nani mkweli?

JIBU: Kwa tanuri lenu, jirani amekosea. Kadiri nyumba inavyokaa imepoa, ndivyo joto linavyopotea kidogo, na gesi inayotumika kuipandisha tena haizidi ile iliyookolewa. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba kushusha nyuzi 7 hadi 10 za Farenhaiti kwa saa nane kila siku kunaweza kupunguza hadi asilimia 10 ya gharama za mwaka. Jirani angekuwa na hoja kama angekuwa na pampu ya joto ya umeme, kwa sababu pampu ikitakiwa kupandisha joto haraka asubuhi yenye barafu huita hita zake za akiba, na hizo hula umeme mwingi.

Mji wenu, kwa taarifa tu, una historia katika jambo hili: mwaka 1885 mhamiaji kutoka Uswisi aitwaye Albert Butz alibuni hapo kifaa kilichofungua na kufunga mlango wa hewa wa tanuri la makaa chenyewe kadiri chumba kilivyopoa au kupata joto. Wazo la kumwondolea mtu kazi ya kushuka kila mara kuchochea tanuri ni la zamani kuliko simu zetu.

Kwenu ningesema nunueni, mradi punguzo likishatolewa bei ibaki ndogo. Sababu yangu kubwa ni mabomba. Tanuri likizimika mkiwa safarini katika Januari ya Minnesota, maji huganda mabombani, mabomba hupasuka, na hasara yake huzidi bili za gesi za miaka mingi. Thamostati inayowatumia ujumbe nyumba inapoanza kupoa inawapa nafasi ya kumpigia jirani aingie. Mkisafiri msishushe chini ya Farenhaiti 55. Kabla ya kusaini fomu ya punguzo, someni kama inairuhusu kampuni kubadilisha joto la nyumba yenu siku ambazo umeme unahitajika sana, na muda gani. Mipango mingi inawaruhusu wateja kukataa siku husika, lakini ni vyema mjue mapema. Kisha zimeni umeme wa tanuri kwenye kikata-umeme, fungueni kifuniko cha thamostati ya zamani, na mtazame kama kuna waya uliofungwa penye herufi C. Huo ndio unaoilisha thamostati janja umeme wa kudumu, na usipokuwepo, mwiteni fundi awape bei ya kuupitisha kabla hamjanunua chochote.